Mlango wa Mwisho: Historia Fupi ya Sharti la Kujua Kuandika Katika Vyuo Vikuu

Kila majira ya mahafali yanapokaribia, lawama moja huibuka katika vikao vya seneti, magazetini na katika ofisi za waajiri: wahitimu wetu hawajui kuandika. Barua ya maombi ya kazi haisomeki, ripoti haina mpangilio, na tasnifu imejaa aya zilizonakiliwa kwa sababu mwenyewe ameshindwa kuunda aya yake. Lawama hii ina ukweli ndani yake. Dawa inayopendekezwa nayo haibadiliki: uwekwe mtihani wa kuandika mwishoni mwa masomo, na asiyeufaulu asitunukiwe shahada, hata kama amefaulu masomo mengine yote.

Wanaotoa pendekezo hili hulileta kana kwamba ni jambo jipya. Kwa kweli lina umri wa zaidi ya karne moja, na sehemu kubwa ya historia yake imetendeka Marekani, nchi ambayo vyuo vyake vimelijaribu sharti hili, vikaligeuza, vikalifuta na kulirudisha tena. Makala haya yanaifuata historia hiyo kwa ufupi. Shabaha si kuwasimulia wasomaji habari za ugenini. Kabla hatujajenga mlango wa aina hiyo katika vyuo vyetu, yafaa tujue waliotutangulia waliujenga kwa sababu gani, na ni nani waliobaki nje ulipofungwa.

Harvard, 1874: watoto wa matajiri wanaanguka

Katika vyuo vya Marekani vya nusu ya kwanza ya karne ya 19, elimu ilikuwa kwa sehemu kubwa elimu ya mdomo. Mwanafunzi alikariri, akasimama mbele ya mwalimu, akajibu. Alihutubia na kufanya mijadala. Lugha zilizoheshimiwa zaidi zilikuwa Kilatini na Kiyunani. Kiingereza kilikuwa lugha ya nyumbani, na hakuna aliyedhani kwamba kilihitaji kupimwa.

Mambo yalianza kubadilika Charles William Eliot alipokuwa rais wa Harvard mwaka 1869. Eliot alitaka chuo kikuu cha kisasa, chenye sayansi, chenye uhuru wa mwanafunzi kuchagua masomo, na chenye Kiingereza kama lugha ya taaluma. Mwaka 1874 chuo hicho kikaanza kuwataka waombaji waandike insha fupi ya Kiingereza, isiyo na makosa ya tahajia, ya alama za uandishi wala ya sarufi. Mada ilitoka katika vitabu vilivyotangazwa mapema. Miongoni mwa vitabu vya mwaka huo wa kwanza kulikuwamo tamthilia tatu za Shakespeare: The Tempest, Julius Caesar na The Merchant of Venice. Wasomaji wa Kiswahili wanazijua mbili kati ya hizo kwa majina mengine, nami nitazirudia baadaye.

Matokeo yaliwashtua wenye chuo. Katika miaka ya mwanzo ya mtihani huo, takriban nusu ya watahiniwa walianguka. Hapa ndipo msomaji anapaswa kutulia kidogo. Walioanguka hawakuwa wageni, wala watoto wa wakulima maskini, wala watu waliojifunza Kiingereza ukubwani. Wengi wao walikuwa vijana wa familia zenye uwezo, waliotoka katika shule za maandalizi zenye ada kubwa, na Kiingereza kilikuwa lugha waliyonyonya pamoja na maziwa ya mama. Kwa hiyo kuanguka kwao hakuwezi kuelezwa kwa ufukara wala kwa ugeni wa lugha. Hata mwenye lugha hazaliwi na uandishi wa kitaaluma. Ni stadi inayofundishwa, na vijana hao hawakuwa wamefundishwa.

Harvard ilijibu kwa namna mbili. Kwanza ilianzisha kozi ya uandishi iliyojulikana kama English A, ambayo kuanzia 1885 ilifundishwa mwaka wa kwanza na ikawa mfano ulioigwa na vyuo vingine vingi. Pili, ilitafuta wa kulaumiwa. Mnamo 1892 kamati ya watu watatu, Charles Francis Adams, Edwin Lawrence Godkin na Josiah Quincy, ilitoa ripoti juu ya uandishi wa wanafunzi. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa mwalimu wa uandishi. Walisoma insha za wanafunzi wa mwaka wa kwanza, wakasikitika, na wakahitimisha kwamba kosa lilikuwa la shule za sekondari, na kwamba chuo kikuu hakipaswi kubeba kazi ya kufundisha mambo ya awali.

Tangu hapo wimbo huo haujakoma: chuo kikuu kinailaumu sekondari, sekondari inailaumu shule ya msingi, na shule ya msingi inawalaumu wazazi. Mzigo huteremshwa ngazi kwa ngazi mpaka umfikie asiye na mtu wa kumtupia.

Miaka ya 1970: milango inafunguliwa, mizani inawekwa

Karibu karne moja baadaye hofu hiyo ilirudi kwa nguvu mpya, na safari hii ilikuwa na sura ya kisiasa. Mwezi Aprili 1969 wanafunzi Weusi na wenye asili ya Puerto Rico waliteka majengo ya City College, chuo kimojawapo cha Chuo Kikuu cha Jiji la New York, wakidai kwamba chuo kilichojengwa kwa kodi ya wakazi wa jiji kiwapokee watoto wa wakazi hao. Mwaka 1970 chuo kikuu hicho kikatangaza kwamba kila mhitimu wa sekondari za jijini atapata nafasi katika mojawapo ya vyuo vyake.

Maelfu waliingia. Wengi walikuwa wa kwanza katika koo zao kukanyaga chuo kikuu, na wengi walizungumza nyumbani Kihispania, Kichina, Kiitaliano au Kiingereza cha mitaani kisichofanana na kile cha vitabuni. Walimu wengine walizisoma insha zao wakasema kwamba watu hawa hawafundishiki. Mwalimu mmoja wa City College, Mina Shaughnessy, alifanya jambo ambalo wenzake hawakulifikiria. Alikusanya insha zipatazo 4,000 zilizoandikwa na wanafunzi hao, akazichunguza kosa kwa kosa. Katika kitabu chake Errors and Expectations cha mwaka 1977 alionyesha kwamba makosa yale hayakuwa vurugu za akili pungufu. Yalikuwa na mantiki. Mwanafunzi alikuwa akitumia kanuni aliyoielewa nusu, au akijaribu kuandika sentensi ndefu ya kitaaluma ambayo hajawahi kuonyeshwa jinsi inavyojengwa. Mwalimu akiielewa mantiki ya kosa, anaweza kufundisha. Asipoielewa, hubaki na kalamu nyekundu tu.

Lakini sauti ya Shaughnessy haikuwa kubwa kuliko sauti ya hofu. Mwezi Desemba 1975 jarida la Newsweek lilichapisha makala maarufu yaliyodai kwamba vijana wa Marekani hawajui kuandika, na taifa zima likaanza kuzungumzia msiba huo. Mfumo wa vyuo vikuu vya umma vya jimbo la Georgia ulikuwa tayari, tangu mwanzoni mwa muongo huo, una mtihani wa kusoma na wa insha ambao kila mwanafunzi alipaswa kuufaulu ili ahitimu. Mwaka 1976 wadhamini wa Chuo Kikuu cha Jimbo la California nao wakaamua kwamba kila mhitimu athibitishe umahiri wa kuandika. Mwanafunzi aliyemaliza fizikia, uhasibu au uuguzi hakupata shahada mpaka alipolivuka sharti hilo. Kampasi ziliachiwa kuchagua njia: nyingine ziliweka mtihani wa saa chache, nyingine zikaweka kozi ya uandishi ya ngazi ya juu.

Sisemi kwamba kila aliyeunga mkono sharti hili alikuwa na nia mbaya. Wapo walimu waliolipigania kwa sababu waliona wanafunzi maskini wakipewa shahada tupu, shahada ambayo mwajiri angeifunua na kuicheka. Hata hivyo, tarehe zenyewe zinasema jambo. Watu wapya walipoingia kwa wingi, ndipo mizani ilipowekwa kwenye mlango wa kutokea. Vizazi vya waliotangulia vilihitimu bila kupimwa hivyo, na hakuna aliyewahi kuzifungua tena shahada zao akazikagua.

Mizani yenyewe ina hitilafu

Kuna swali la kitaalamu ambalo mara nyingi halisikiki katika kelele za lawama: je, insha inapimika? Mwaka 1961 Paul Diederich na wenzake wa shirika la mitihani la ETS walifanya jaribio linalostahili kujulikana na kila msahihishaji. Walichukua insha 300 za wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa vyuo, wakawapa wasomaji 53 kutoka fani sita mbalimbali, na kuwaomba wazipange katika madaraja tisa, bila kuwaambia watumie vigezo gani. Insha 101 zilipata madaraja yote tisa: msomaji mmoja aliiona insha kuwa bora kabisa, mwingine akaiona hiyo hiyo kuwa mbovu kabisa. Asilimia 94 ya insha zilipata madaraja saba au zaidi. Hakuna insha hata moja iliyopata madaraja yaliyo chini ya matano.

Wasomaji wale hawakuwa wazembe. Kila mmoja aliheshimu jambo tofauti: huyu alitazama hoja, huyu makosa ya sarufi, huyu mpangilio, huyu uteuzi wa maneno, na yule ladha ya mtindo. Tangu hapo wataalamu wa mitihani wamejitahidi kuwafundisha wasahihishaji wakubaliane, kwa kuwapa mwongozo mmoja na insha za mfano, na kwa kuhakikisha kila insha inasomwa na watu wawili. Juhudi hizo zimesaidia. Lakini makubaliano ya wasahihishaji hayathibitishi kwamba kinachopimwa ndicho kinachotakiwa. Watu wawili wanaweza kukubaliana vizuri sana juu ya insha iliyoandikwa kwa dakika 50, na bado wasijue kama mwandishi wake anaweza kuandaa ripoti ya utafiti kwa miezi mitatu, akiisoma, akiirekebisha, akiitupa na kuianza upya kama waandishi halisi wanavyofanya.

Bronx, 1997: siku chache kabla ya mahafali

Gharama ya sharti hili ilionekana wazi katika Chuo cha Hostos, mtaa wa South Bronx, jijini New York. Chuo hicho cha miaka miwili kilianzishwa mwaka 1968 na kupewa jina la Eugenio María de Hostos, mwanaelimu wa Puerto Rico. Kilikusudiwa kuwahudumia watu wa eneo hilo kwa lugha mbili: mwanafunzi aliyezungumza Kihispania aliweza kuanza masomo kwa lugha anayoielewa huku akijifunza Kiingereza.

Chuo Kikuu cha Jiji kilikuwa na mtihani wake wa uandishi, insha ya dakika 50 kwa Kiingereza. Hostos ilikuwa imeweka mtihani wake yenyewe mahali pa ule. Mwezi Mei 1997, zikiwa zimebaki siku chache tu kabla ya mahafali, Bodi ya Wadhamini iliamua kwamba mtihani wa chuo kikuu ndio utakaotambuliwa, na kwamba mwanafunzi asiyeufaulu hatahitimu. Watu waliokuwa wamekwisha kutimiza masharti mengine yote, wengi wao akina mama wenye watoto na ajira, wakajikuta wamezuiwa. Wanafunzi walikwenda mahakamani. Mahakama ya awali iliwapa haki, lakini mwaka 1998 mahakama ya rufaa ikatengua uamuzi huo na kuipa Bodi ushindi.

Mmoja wa viongozi wa Bodi aliyeusimamia msimamo huo kwa ukali alikuwa Herman Badillo, mzaliwa wa Puerto Rico aliyefika Marekani akiwa mtoto, na ambaye baadaye alichaguliwa kuwa mbunge. Hoja yake haikuwa ya dharau. Alisimamia kwamba kuwashushia kipimo watu wa asili yake ni kuwadanganya, kwa kuwa soko la ajira halitawashushia. Wapinzani wake walisema kwamba kubadili sharti mwanafunzi akiwa amekwisha kufika kizingitini hakumwinui mtu yeyote.

Kwa maoni yangu pande zote mbili zilikuwa na sehemu ya haki, na hapo ndipo ugumu ulipo. Badillo alikuwa sahihi kwamba shahada isiyo na uwezo nyuma yake humdhuru kwanza mwenye nayo. Lakini mtihani wa siku moja hautoi uwezo. Huonyesha tu kwamba uwezo upo au haupo, na mara nyingi hata hilo hulionyesha vibaya. Ikiwa mtu amekaa chuoni miaka kadhaa, amelipa ada, amefaulu kozi zilizofundishwa na kusahihishwa na walimu wa chuo hicho, kisha ikabainika siku ya mwisho kwamba hajui kuandika, ni nani aliyeanguka mtihani?

Kuondolewa kwa mizani

Yaliyofuata yanafundisha. Mwaka 1999 wadhamini wale wale wa New York walipitisha azimio la kueneza mafunzo ya uandishi katika masomo yote ya chuo kikuu, si katika idara ya Kiingereza peke yake. Wazo hilo lilikuwa limekwisha kujaribiwa katika vyuo vidogo vya Marekani tangu miaka ya 1970: mwalimu wa biolojia anafundisha jinsi mwanabiolojia anavyoandika, na wa historia jinsi mwanahistoria anavyojenga hoja kutokana na nyaraka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 chuo kikuu hicho kiliweka pia mtihani mpya wa umahiri, bora kuliko ule wa awali: mwanafunzi alipewa matini mapema ayasome, kisha akaandika akiyatumia, na pia akatafsiri takwimu za grafu au jedwali. Mwaka 2010 nao ukafutwa. Ilikuwa imedhihirika kwamba karibu kila aliyeufanya aliufaulu, na fedha nyingi zilitumika kuthibitisha kile ambacho kozi zilikuwa zimekwisha kukithibitisha. Georgia nayo iliacha mtihani wake katika kipindi hicho hicho.

Sharti la kujua kuandika halikufa. Lilihama kutoka chumba cha mtihani kwenda darasani, na huko ndiko lilikostahili kuwa tangu mwanzo.

Na sisi je?

Afrika Mashariki tuna historia yetu ya mlango wa aina hii. Chini ya mfumo wa mitihani ya Cambridge wakati wa ukoloni, mwanafunzi aliyeanguka Kiingereza alikosa cheti chote, hata kama angepata alama za juu katika hesabu na sayansi. Ngũgĩ wa Thiong'o alilieleza jambo hilo katika kitabu chake cha mwaka 1986, Decolonising the Mind, na wazee wetu wengi wanalikumbuka bila kuhitaji kitabu. Mtu mwenye akili timamu alirudishwa kijijini kwa sababu ya lugha moja.

Tanzania ilipata nafasi ya kulitazama upya suala hili. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Jackson Makweta, ilipendekeza kwamba Kiswahili kianze kutumika kufundishia katika sekondari kuanzia mwaka 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Matokeo yake tunayo madarasani: kijana anasoma shule ya msingi kwa Kiswahili, anahamishiwa Kiingereza sekondari, anakariri ili avuke, kisha anafika chuo kikuu na kuwekwa katika kozi ya stadi za mawasiliano yenye mamia ya wanafunzi na mhadhiri mmoja. Katika ukumbi kama huo hakuna anayeweza kusoma insha tatu za kila mwanafunzi na kuzirudisha zikiwa na maelezo. Wanafunzi wanajibu maswali ya kuchagua kuhusu uandishi, na wanafaulu bila kuandika.

Tukiweka mtihani juu ya hali hiyo, tutakuwa tumerudia kosa la New York bila kuwa na rasilimali za New York. Zaidi ya hayo tutakuwa tumechanganya mambo mawili: kutojua kuandika na kutojua Kiingereza. Ninaamini wapo wanafunzi wetu ambao kwa Kiswahili wangejenga hoja safi, yenye ushahidi na mtiririko, lakini kwa Kiingereza huonekana kama watu wasiofikiri. Wapo pia wasioweza kwa lugha yoyote, na hao wanahitaji msaada wa aina nyingine. Mtihani mmoja hauwezi kuwatenganisha.

Hapa ndipo tunaporudi kwenye tamthilia za Harvard. Julius Caesar na The Merchant of Venice, kazi mbili zilizotumika mwaka 1874 kupima nani anastahili kuingia, zilitafsiriwa kwa Kiswahili na Mwalimu Julius Nyerere katika miaka ya 1960, akiwa mkuu wa nchi. Mabepari wa Venisi ilitoka mwaka 1969. Tafsiri hizo zilionyesha kwamba lugha yetu inabeba hoja, kejeli, sheria na falsafa bila kuyumba. Kama lugha inabeba hayo, inaweza pia kubeba insha ya mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa sosholojia.

Kwa hiyo simpingi anayetaka mhitimu ajue kuandika. Nami nataka hivyo hivyo, kwa sababu daktari, mwanasheria au afisa kilimo asiyeweza kuandika waziwazi huwadhuru watu wasio na hatia. Ninachodai ni kwamba, kabla ya chuo kikuu kumdai mwanafunzi, kilipe kwanza deni lake. Mwanafunzi aandike kila muhula, katika kila somo, na asomewe alichoandika. Madarasa ya uandishi yawe na idadi ambayo mwalimu mmoja anaweza kuisahihisha. Sharti litangazwe siku ya kwanza ya masomo, lisibadilishwe mtu akiwa amekwisha kushona joho. Na pale taaluma inaporuhusu, mwanafunzi awe na haki ya kuthibitisha umahiri wake kwa Kiswahili.

Chuo kikitimiza hayo, kina haki ya kumwambia mwanafunzi aliyekataa kujifunza kwamba bado hajafika. Kisipoyatimiza, mtihani wake wa mwisho utakuwa unapima kazi ambayo chuo chenyewe hakikuifanya, na adhabu itamwangukia mtu ambaye jina lake pekee ndilo linaloandikwa kwenye karatasi ya majibu.